"Baba Anafanya Kazi Gani?" "Analala"

Watu wakisikia najitolea darasa la awali, kwanza wanauliza kama nalipwa. Silipwi. Kisha wanauliza kama sichoshwi na makelele. Yananichosha sana, ila vituko vya pale havipatikani redioni.

Juzi tulikuwa kwenye kazi za wazazi. Mama ntilie, bodaboda, fundi cherehani, mambo yakaenda vizuri mpaka zamu ikamfikia mtoto mmoja, mkono mfukoni kama mwenyekiti wa mtaa.

"Baba anafanya kazi gani?"

"Analala."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia ajibu vizuri. Mtoto akakaza: "Analala, mwalimu. Tukipiga kelele anatuchapa."

Baba ni mlinzi wa usiku. Mtoto kasema anachokiona mchana, na sioni alipokosea.

Hapo ndipo ninapotofautiana na walimu, kwa heshima zote. Jibu kama hilo huzimwa haraka, "kaa chini, mwingine!", halafu tunafurahia lile la pamoja. "Tumeelewa?" "Ndiyooo!" "Tumeelewa nini?" "Ndiyooo!" Kwangu hilo la pili ndilo la kutia wasiwasi. Jibu la kuchekesha linakuonyesha mtoto amefikaje hapo alipofika. Ndiyo ya kundi haikuonyeshi kitu.

Siwalaumu walimu. Tangu ada na michango ya lazima ifutwe mwaka 2016 watoto wamefurika shuleni, jambo jema kabisa, lakini mwalimu mmoja atamsikiliza nani na kumwacha nani? Na hadithi ya mtoto wa miaka mitano haina mwisho, inaanzia kwenye penseli iliyopotea na kuishia kwa bibi yake Tanga. Anayejitolea afanye kazi hiyo basi, aketi kwenye mkeka asikilize. Wengi wetu tunakwenda na pipi na simu ya kupigia picha. Pipi huleta vita tu, na picha zinamsaidia mpigaji.

Ukiketi, unayapata majibu ya namna hiyo. Nilimpa binti mmoja vifuniko vya chupa ahesabu. Akasema vitatu. Nikahesabu mwenyewe, saba. Akaniangalia kwa huruma: "Hivi vingine ni vya bia, mwalimu." Kwao bia haiguswi, kwa hiyo haihesabiwi pia. Ningempa kosa kwenye daftari, ningekuwa nimemwonea, maana hesabu yake ya soda ilikuwa sahihi.

Kituko cha wiki hii kimemhusu kiranja. Mwalimu aliitwa ofisini, akamwachia chaki aandike wapiga kelele. Kuandika majina bado hajui, kusoma, kuandika na kuhesabu kwenyewe ndiyo kwanza wanakuonjaonja. Akachora vichwa. Mwalimu aliporudi akakuta ubaoni vichwa vinne, kimoja kina masikio makubwa kupita kiasi. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya kilio ikatoka nyuma ya darasa:

"Mwalimu, mimi sikupiga kelele!"