Eti Hakuna Kuazima

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa maktaba ya kata yetu. Limechapwa kwa herufi kubwa, likawekwa ndani ya nailoni ngumu ili mvua isilifute: KUANZIA SASA VITABU VITASOMEWA NDANI TU. HAKUNA KUAZIMA. KWA AMRI YA KAMATI. Maktaba hiyo hiyo pedi yake ya muhuri imekauka wino tangu kiangazi, umeme wa LUKU ukiisha tunachangishana kwa simu, na rafu ya watoto imeegemezwa tofali. Hela ya kutia tangazo nailoni, hiyo imepatikana mara moja.

Sababu yenyewe sote tunaijua. Mkaguzi alipita, akahesabu, akakuta vitabu vilivyo kwenye leja ni vingi kuliko vilivyo kwenye rafu. Ikaandikwa hoja ya ukaguzi. Dada anayesimamia maktaba akaambiwa ajieleze kwa maandishi, na kuna mtu kwenye kikao akauliza kama zile hasara haziwezi kukatwa kwenye posho yake. Posho ambayo hata ikija kamili ni ya kununulia sabuni. Ningekuwa mimi, siku ile ile ningeyafunga makabati na funguo nikaondoka nazo nyumbani. Kwa hiyo simlaumu dada. Nawalaumu waliomfikisha hapo.

Vitabu vimepotea, sawa. Nimelipitia daftari la kuazimia, ile kauntabuku nene yenye jalada gumu: tarehe, jina, namba ya kadi, kitabu, sahihi ya kuchukua, sahihi ya kurudisha. Safu ya mwisho ina mapengo, siwezi kukataa. Wengine waliochukua wamehama mji, na kuna majina mawili matatu ambayo mtaa mzima unajua hayakuwahi kurudisha hata sufuria ya watu.

Lakini someni hayo mapengo vizuri. Kimepotea kijitabu cha kufuga kuku wa kienyeji. Kimepotea cha ushonaji, kile chenye michoro ya kukata gauni. Zimepotea riwaya za Kiswahili karibu zote tulizokuwa nazo, hadithi za watoto, na kitabu cha hesabu cha kidato cha pili. Sasa angalieni kilichobaki salama salimini: miongozo ya kodi ya Marekani, vitabu vya kompyuta zilizokwishakufa, na ensaiklopedia yenye nchi ambazo hazipo tena kwenye ramani, vyote msaada wa wahisani, Mungu awabariki. Hivyo havijapotea hata kimoja. Vimekaa wima, vina vumbi, mkaguzi amevipigia tiki. Orodha ya vilivyopotea ndiyo orodha ya manunuzi ambayo kamati imekuwa ikisema haijui iipate wapi, na imetengenezwa na wasomaji wenyewe bila semina wala posho ya kikao.

Hapa ndipo ninapokasirika hasa. Mkaguzi anahesabu vitabu, hahesabu kusomwa. Kitabu kikiazimwa na watu ishirini kisha kikapotea kwa wa ishirini na moja, ni hasara, inaandikiwa hoja. Kitabu kikikaa kabatini miaka kumi bila kufunguliwa mpaka mchwa wakajenga njia ndani yake, hiyo ni mali iliyotunzwa. Hakuna msimamizi yeyote aliyewahi kuandikiwa barua ya kujieleza kwa sababu vitabu vyake havikusomwa. Ukiweka utaratibu wa namna hiyo, msimamizi mwenye akili timamu atafanya nini? Atafunga. Kisha tutaitisha kongamano la siku mbili, lenye chai na maandazi, kujadili kwa nini Watanzania hawapendi kusoma.

Viti vya ofisi vinavunjika kila mwaka, vinafutwa kwenye leja, na hakuna anayelia. Feni inaungua, inaandikwa chakavu, maisha yanaendelea. Kitabu tu ndicho kinatakiwa kiishi milele. Kijitabu cha hadithi cha kurasa ishirini na nne, bei yake ni kama sahani ya chipsi mayai, kinalindwa kama hati ya kiwanja! Huko Hereford, Uingereza, kanisani, kuna maktaba ya zamani ambayo vitabu vyake mpaka leo vimefungwa minyororo kwenye rafu. Watalii wanalipa kwenda kushangaa. Wale walikuwa na kisingizio, enzi hizo kitabu kimoja kilikuwa utajiri. Sisi kisingizio chetu ni hoja ya ukaguzi.

Mtaniambia, si wasomee humo humo, kuna meza na viti. Haya. Maktaba inafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa, kama ofisi ya ardhi. Nani ana nafasi saa hizo? Fundi cherehani yuko kwenye cherehani, bodaboda yuko kijiweni, mwanafunzi yuko darasani, mama lishe ndiyo kwanza anaosha sufuria za mchana. Ingia siku yoyote ya kazi utakuta vijana wanaorudia mtihani wa kidato cha nne, wamekuja na madaftari yao, wanachohitaji ni meza na soketi ya kuchajia simu. Sina neno nao, waje, hiyo nayo ni kazi ya maktaba. Ila vitabu vya kwenye rafu hawavigusi. Kwa hiyo ukikataza kuazima umewakatia wote wanaofanya kazi, na wakati wao wa kusoma ni usiku, baada ya kula, chini ya taa ya sola, au Jumapili ukiwa umefunga. Sijui ni mara ngapi nimesema tufungue Jumamosi tufunge Jumatatu. Kila nikisema linaandikwa kwenye muhtasari.

Ngoja niwape kisa cha jirani yangu mmoja, ana genge la mboga. Mwanawe wa darasa la nne aliazima kitabu cha hadithi. Usiku mvua ikanyesha, bati likavuja, kitabu kikaloa. Yule mama, badala ya kukificha, alikianika karatasi moja moja juu ya kamba jikoni, kilipokauka akakipiga pasi. Pasi ya mkaa, ameweka kitambaa juu ili kisiungue. Nilikishika kitabu kile. Kimevimba, kina mawimbi, jalada limepauka upande mmoja, lakini kila neno linasomeka. Akakivika gazeti kwa unga wa ngano uliochemshwa, akampa mtoto arudishe. Kikakataliwa. "Hakipokeleki hivi, alete kipya au alipe." Mtoto akarudi nacho analia. Tangu siku hiyo yule mama akipita na beseni lake anapitia upande wa pili wa barabara, na watoto wake wote watatu hawajakanyaga tena. Kwenye daftari letu kitabu kile kimeandikwa "hakijarudishwa". Niambieni, jamani, pale nani mwenye adabu ya kitabu na nani hana?

Na kuna mapengo mengine ya namna hiyo. Mtu amechelewa mwezi mmoja, anajua faini inapanda kila siku, anaona heri akae nacho kuliko kwenda kuaibishwa mbele ya watu. Wenzetu wa Chicago, mji mkubwa wenye maktaba tele, walifuta faini za ucheleweshaji Oktoba 2019. Wiki chache baadaye vitabu vilivyokuwa vikirudishwa vikawa vimeongezeka kwa asilimia 240. Watu walikuwa navyo nyumbani, wanaona aibu. New York nao wakafuta mwaka 2021. Najua, najua, "hao ni Wamarekani". Aibu ya mtu mzima kudaiwa mbele ya watoto wa shule haina uraia.

Basi tuje hapa jirani. Kule Garissa, Kenya, mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ilianza kupakia vitabu kwenye ngamia na kuwafuata wafugaji wanaohamahama. Masanduku mgongoni, hema, mkeka, watoto wanachagua na kuazima. Wale hawana namba ya nyumba, kesho wanaweza kuwa malisho mengine kabisa. Sisi tunamdai mtu aliyezaliwa mtaa huu huu picha mbili za pasipoti, barua ya mwenyekiti wa mtaa (yenye muhuri, na muhuri nao una bei yake) na mdhamini ambaye ni mtumishi wa serikali, kisha baada ya yote hayo tunamwambia kitabu hakitoki.

Wala msiseme ni umaskini. Nchi hii ilitunga sheria ya kuanzisha Bodi ya maktaba mwaka 1963, uhuru una miaka miwili tu, hazina haina kitu. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata zikaanzishwa maktaba za vijijini ili wazee waliojifunza kusoma wasisahau. Waliofanya hayo walikuwa na magari machache kuliko tuliyonayo leo. Walijua kwamba mtu akijua kusoma na asiwe na cha kusoma nyumbani, baada ya muda kalamu inakuwa nzito tena.

Mwenyekiti wa kamati namheshimu. Ni mwalimu mstaafu, amenifundisha, na rafu mbili kati ya tulizonazo alizitoa sebuleni kwake. Nilimwendea. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha kiti, kisha akaniambia, "Mwanangu, kitabu kikitoka hakirudi. Watoto wa siku hizi hawaogopi." Nikamwambia, "Mwalimu, kisipotoka kilikuja kufanya nini?" Akacheka kidogo, akaagiza chai, tukazungumzia mahindi. Ndivyo alivyo, ukimbana anakupa chai.

Nampa haki yake kwa baadhi ya mambo. Kamusi kubwa zibaki ndani, na kitabu chochote ambacho nakala ni moja na mitihani iko karibu. Magazeti pia. Wale sugu wawili watatu wanyimwe kadi, sina huruma nao. Vingine vyote vitoke.

Ninachopendekeza ni kidogo tu, na hakihitaji mfadhili. Kamati ikubali kwa maandishi kwamba kila mwaka vitabu kadhaa vitapotea na vingine vitachakaa kwa kusomwa, ipange kiwango, ikiweke kwenye bajeti kama inavyopanga LUKU na maji, na visivyozidi kiwango hicho vifutwe kwenye leja bila mtu kuandika barua ya kujieleza. Kisha mkaguzi akija, pamoja na leja ya mali apewe kauntabuku ya kuazimia, ahesabu sahihi za kuchukua. Mwaka huu zimepungua? Hapo ndipo aandike hoja, na ailekeze kwa kamati, sio kwa dada. Mdhamini awe yeyote anayefahamika mtaani, hata huyo muuza mboga. Faini ifutwe. Choo kifunguliwe.

Kikao cha kamati ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, ofisi ya mtendaji. Mwenye kadi anaruhusiwa kuingia na kusema, kanuni zetu wenyewe zinasema hivyo, ingawa nakala yake nayo imefungiwa kabatini. Nitakuwepo na kile kitabu kilichopigwa pasi, mama amenikabidhi. Na kama wewe una kitabu chetu kimekaa chini ya godoro tangu mwaka juzi, njoo nacho siku hiyo. Nikiwa pale mlangoni hakuna atakayekudai shilingi.