Vioo vya buluu na jua la Tabora

Kuna mwandishi ameandika kwamba majengo mapya ya vioo yanaipa Tabora "sura ya jiji". Sawa, ila aje akae ndani saa tisa alasiri mwezi wa kumi. Mimi nafanya kazi kwenye mojawapo, ghorofa ya pili, upande wa machweo. Tumebandika maboksi kwenye kioo, juu yake khanga ya dada wa mapokezi. Dirisha la alumini linafunguka nusu tu, na feni inapuliza joto lilelile. Umeme ukikatika tunahamia chini ya mwembe, na wateja wanatufuata hukohuko.

Sasa nenda stesheni ya reli. Mjerumani alifikisha reli hapa 1912, hakuwa na kiyoyozi: kuta nene, dari juu, hewa inapita. Simsifu mkoloni, jamani, na reli ile watu waliijenga kwa jasho lao. Nasema tu fundi wake aliliheshimu jua.

Na hizi nyumba za kuficha paa? Wengine watasema tembe la Kwihara, ile nyumba ya kale karibu na mji alipokaa mmisionari na mpelelezi Livingstone 1872, nalo paa lake lilikuwa bapa. Kweli, lakini lile lina ukuta wa udongo mnene na kibaraza cha kupumzikia. Za siku hizi ni tofali la inchi sita, mfereji wa maji umejificha nyuma ya ukuta, majani ya mwembe yakiziba tu, dari ya jipsamu inalowa mpaka inabonyea. Ya shemeji yangu imedondokea kochi.