Sijawahi kuokota chupa ya soda ya kioo ufukweni

Jumamosi moja tulikuwa ufukweni Kunduchi, Dar es Salaam, watu kama ishirini, glavu mikononi, viroba vinajaa. Ilipogonga saa nne asubuhi tulikuwa na rundo la makopo ya plastiki ya maji na soda linalomfika mtu kiunoni, na wenzangu wameshaanza kupiga picha. Akatokea mama mmoja na kiroba chake mgongoni. Tukamwamkia, akaitikia, akasimama analitazama lile rundo kama mtu aliyekuta shamba lake limevunwa usiku.

"Hayo mnayapeleka wapi, wanangu?"

"Lori linakuja, mama. Yanakwenda dampo."

"Dampo?" Akacheka kidogo. "Mimi nimetoka Tegeta kwa miguu kuyafuata hayo hayo."

Hakuna aliyejibu. Lori tuliloahidiwa halikuja siku ile wala kesho yake, na mama alirudi mara tatu mpaka akayamaliza makopo yote. Kilichobaki kilikuwa nepi, pakiti za biskuti, mirija, ndala za mguu mmoja mmoja na ile mifuko laini inayoitwa vifungashio. Vitu ambavyo hakuna mwenye mizani anayevitaka. Yaani tuliamka alfajiri kwenda kuokota kile ambacho kingeokotwa hata bila sisi, na kile kilichotuhitaji tukakiacha mchangani.

Tangu siku ile ninawaza tofauti kuhusu kujitolea. Usafi wa pamoja tumeuzoea, hasa tangu Desemba 9, 2015, sherehe za Uhuru zilipofutwa na Rais Magufuli akashika ufagio mwenyewe, kisha ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siubezi, nimeufanya na bado naufanya. Ila kufagia ni jambo moja, na kuirudisha taka kiwandani ikawa kitu kingine ni jambo jingine. Hili la pili linabebwa na waokota makopo, watu tunaowafungia geti na kuwaita vibaka.

Kazi yao ina utaalamu wake. Chupa nyeupe ina bei kuliko ya rangi. Kizibo ni plastiki ya aina nyingine na chupa yake, kwa hiyo hutolewa kando. Kopo lenye mchanga mnunuzi analikata uzito, na lililolowa mchuzi wa jana huenda asiliguse kabisa. Ndiyo maana kuchakata taka kunaanzia jikoni, kwenye ndoo mbili: moja ya maganda ya ndizi na mabaki ya chakula, nyingine ya vikavu. Taka nyingi za majumbani hapa mjini ni hizo za majimaji, zingeweza kuwa mboji. Sisi tunazichanganya zote kwenye kiroba kimoja, tunalipa ada ya taka, guta linabeba, na mwisho wa safari, kule dampo la Pugu Kinyamwezi, kuna mtu anachambua kwa mikono kwenye uvundo kile ambacho mimi ningekitenga kwa sekunde tatu nikiwa nimesimama karibu na sinki.

Lakini nisijilaumu peke yangu. Waliokua zamani kidogo watakumbuka: ukitumwa soda unakwenda na chupa. Huna chupa, unaweka hela ya chupa, au unainywea palepale dukani huku mwenye duka hakupi kisogo. Kreti nayo ilikuwa na thamani yake. Miaka yote ninayokwenda Kunduchi na kandokando ya mto Msimbazi sijawahi kuokota chupa nzima ya soda ya kioo. Hata moja. Na wanaoitupa plastiki ni walewale waliokuwa wakirudisha kioo, wala tabia zetu hazikuharibika ghafla. Kilichobadilika ni kwamba kopo halidai kurudi kwa mwenyewe, basi mzigo ukahama kutoka kiwandani ukaja ufukweni, tukaambiwa sisi ni wachafu. Kuna siku nilivaa fulana ya bure ya siku ya usafi, nikainama, nikaokota kopo lenye nembo ileile iliyokuwa kifuani kwangu. Nilicheka, ila fulana niliivua.

Sheria inapomgusa muuzaji, mambo yanakwenda. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, sokoni iliyeyuka kwa muda mfupi sana, na hakuna kikundi kilichoiokota. Iliporudi kwa jina la vifungashio ni kwa sababu jicho la sheria lilimwacha muuzaji, likarudi kwetu na mafagio yetu. Wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, wameweka wajibu wa mzalishaji juu ya bidhaa yake mpaka inapokuwa taka. Utekelezaji ni habari nyingine. Ila angalau swali limeelekezwa mlango unaohusika.

Ndala nazo zinanipa moyo kidogo. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walitengeneza jahazi la Flipflopi kwa tani 10 za plastiki iliyokusanywa, wakalivika ndala zipatazo 30,000, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Hatuwezi sote kuunda majahazi. Lakini walichukua kisichonunuliwa wakakipa kazi, na mafundi wetu wa huku ningependa wasikie habari hiyo.

Kikundi chetu sasa kinafanya hivi: tunafika, tunawapisha kwanza yule mama na wenzake watatu wachukue makopo, kisha tunaingia kwenye vilivyobaki. Mmoja wetu hashiki kiroba, anashika daftari, anaandika nembo ya kila pakiti tunayoiokota. Mwanzoni tulimtania kwamba anakwepa jua. Mwezi uliopita mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliomba kuliona daftari, akalifungua, akasoma kimya kurasa mbili, akauliza kama anaweza kubaki nalo kidogo. Tumemtolea nakala. Nepi tu ndizo zinatushinda: zikishakaa majini nembo haisomeki tena, kwa hiyo kwenye mstari wake tunaandika "nepi", basi.