Huku wanabishania mlango, Kigoma tunabishania sanduku

Siku ya kwanza nilipomweleza baba mdogo kwamba Wamarekani wanagombana juu ya kuonyesha kitambulisho kituoni, alidhani simu inakatakata. "Hebu rudia," akasema. Nikarudia: chama kimoja kinataka mtu asipige kura mpaka aonyeshe kitambulisho chenye picha, kingine kinasema sharti hilo litawafungia nje wanyonge. Akacheka mpaka akakohoa. Yeye yuko Manyovu, wilaya ya Buhigwe, mpaka wa Burundi anauona akiwa shambani, na kadi yake ya mpiga kura inakaa kwenye mkebe wa maziwa ya unga pamoja na cheti cha ubatizo na risiti za kahawa za miaka ile. "Sasa bila kadi," akauliza, "wanajuaje kwamba wewe ni wewe?"

Nilikuwa upande wake kabisa. Nimekaa Columbus, Ohio, miaka kumi na minne, na kwa muda mrefu niliona ugomvi huu kama ugomvi wa watu walioshiba. Sisi tuliokulia mwisho wa reli tunajua kadi ni nini. Mwaka 2015 zilipokuja mashine za BVR, watu walipanga foleni tangu alfajiri ili wachukuliwe alama za vidole na picha. Wazee waliendelea kuiita shahada, vijana wa upinzani wakaibatiza kichinjio. Unaweza kukosa hela ya dagaa, kichinjio huwezi kukosa. Na Julai 2024, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipoanza kuboresha Daftari la Kudumu nchi nzima, uzinduzi ulifanyika kwetu Kigoma. Kwa hiyo mtu akiniambia kitambulisho ni mzigo, nilikuwa namtazama tu.

Marekani haina kitambulisho cha taifa, wala haina daftari moja la wapiga kura wa nchi nzima. Kila jimbo lina sheria yake. Hapa Ohio, hadi miaka michache nyuma ulikuwa unaweza kwenda na bili ya umeme yenye jina na anwani yako ukapiga kura. Januari 2023 gavana akasaini sheria inayotaka kitambulisho chenye picha, na jimbo likaahidi kutoa kitambulisho bure kwa asiyenacho. Ukienda bila hicho, kura yako inafungwa kwenye bahasha pembeni na unapewa siku nne ukakilete. Texas wao wana kichekesho chao: leseni ya kubeba bastola inakubalika kituoni, kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu hakikubaliki. Hapo ndipo nilipoanza kunusa kwamba mjadala una zaidi ya kadi.

Republican wanasema wanalinda kura isiibwe, hasa na wageni wasio raia. Wizi upo, nisiufiche. Mwaka 2018 huko North Carolina kura za posta zilichezewa na mtu aliyekuwa akifanya kazi kwa ajili ya mgombea wa Republican wenyewe, na tume ya jimbo ikakataa kuthibitisha matokeo, uchaguzi wa ubunge ukarudiwa 2019. Lakini angalia wizi ulipopita: umepitia kwenye bahasha, haukupitia mlangoni. Kadi yenye picha kituoni isingeuona. Taasisi ya Heritage, ambayo ni ya wahafidhina na imekusanya kesi hizi kwa makusudi, ina orodha ya kesi 1,500 na ushee kutoka miongo kadhaa, katika nchi ambayo uchaguzi mmoja tu wa rais wa 2020 ulipigiwa kura zaidi ya milioni 150.

Na mwaka huo wa 2020 tuliuona wote. Donald Trump alisema ameibiwa. Georgia, alikoshindwa kwa kura 11,779, walizihesabu upya kwa mkono karibu kura milioni 5, na Joe Biden akabaki mshindi. Kesi zaidi ya 60 zikafunguliwa, karibu zote zikaanguka, nyingine mbele ya majaji ambao Trump mwenyewe ndiye aliyewateua. Tarehe 6 Januari 2021 watu wakavamia Bunge. Mwaka 2023 televisheni ya Fox ikakubali kuilipa kampuni ya mashine za kura ya Dominion zaidi ya dola milioni 787 kumaliza kesi ya kuichafulia jina. Bado ninao wenzangu kazini wanaoapa kwamba kura ziliibwa.

Democrat nao nilikuwa nawaona wanakuza jambo. Kazini kwetu ghalani kuna mama mmoja mweusi, wazazi wake walihamia Ohio kutoka Alabama. Siku moja ya mapumziko nikamwambia kwetu Afrika, tena kijijini, kila mtu ana kadi, nyie mnashindwaje? Hakukasirika. Akaniambia mama yake alizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, katika miaka ambayo hospitali hazikuwapokea watu weusi, na hakuandikiwa cheti. Jina lake kwenye kitabu cha kanisa limeandikwa hivi, kwenye cheti cha ndoa vile. Kila ofisi ilimtuma kwenye ofisi nyingine, na kila ofisi ilikuwa na ada yake. "Kadi ni bure," akaniambia, "karatasi za kuipata ndizo zinauzwa."

Nikamjibu maneno ya kumtuliza, nikaendelea kuamini ninachoamini. Halafu wiki chache baadaye baba mdogo akapiga simu, hataki hela, anataka kuongea tu. Alikuwa ametoka kufuatilia kitambulisho cha taifa kwenye ofisi moja, safari ya tatu hiyo. Mara ya kwanza alitakiwa alete barua ya mtendaji. Mara ya pili wakataka mzee wa kumthibitisha, na wazee wa rika lake waliobaki ni wawili, mmoja hasikii. Mara ya tatu kijana mdogo akamuuliza babu yake amezikwa wapi, akamtaka aseme maneno fulani ili asikie lafudhi. Mtu aliyezaliwa Manyovu kabla Tanganyika haijapata uhuru, anaulizwa kama si Mrundi.

Watu wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe hawahitaji nieleze zaidi. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, mtu anaamkua "mwakeye" na tayari ameshatiliwa shaka. Mpaka ulichorwa na wakoloni katikati ya koo. Makambi ya wakimbizi ya Mtabila na Nyarugusu yameongeza macho ya kutuchunguza. Ukitoka Kigoma ukaenda Dar, utani wa "wewe Mrundi" unaanza stendi. Philip Mpango, aliyekuwa Makamu wa Rais hadi 2025, ni mtu wa Buhigwe, lakini hilo halikumsaidia baba mdogo kwenye dirisha lile.

Nilipokata simu nilikaa kwenye gari dakika nyingi. Ugomvi niliouona wa kipuuzi ulikuwa ugomvi wetu, umevaa koti la baridi tu. Maneno yale yale: wageni wamejaa kwenye daftari. Huku wanasemwa Wameksiko na Wahaiti, kwetu Warundi na Wakongo. Na anayeumia kwanza ni mwenyeji anayefanana na mgeni. Jirani yangu aliyeletwa huku kutoka Nyarugusu, leseni yake ya udereva ina maandishi yanayosema si raia. Anajua hapigi kura, hajawahi hata kukaribia kituo, na sheria ya nchi inamkataza tangu zamani. Lakini kwenye televisheni yeye ndiye mwizi wa kura.

Kwa hiyo msimamo wangu sasa ni huu, na Republican na Democrat wote wananinunia. Kadi nataka iwepo. Sioni aibu kuonyesha uso wangu pale mlangoni. Ila serikali inayodai kadi ndiyo itoke ikamfuate mtu. Katika hili Tanzania imewapita Wamarekani, na nawaambia bila haya: mashine za kuandikisha wapiga kura zilibebwa hadi kwenye kata, zikakaa siku saba kwenye kituo, mtu akaja na kandambili akaondoka na kadi. Hakuna jimbo hapa ninalolijua lililofanya hivyo kijiji kwa kijiji. Bunge lao la Wawakilishi lilipitisha Aprili 2025 muswada wa kumtaka kila anayejiandikisha alete ushahidi wa uraia, hati ya kusafiria au cheti cha kuzaliwa. Mama yule wa ghalani aliposikia alinitazama tu.

Sasa nigeukie kwetu, maana huko ndiko kunakoniuma.

Nimepata uraia wa hapa 2019. Kwa sheria yetu nikawa nimeupoteza wa Tanzania, na hata ningebaki nao, aliye nje ya nchi hana kituo cha kupigia kura. Mwaka 2024 nikajiandikisha kufanya kazi kituoni siku ya uchaguzi, kazi ya kibarua yenye posho. Bodi ya uchaguzi ya kila kaunti Ohio ina wajumbe wanne, wawili wa chama hiki na wawili wa kile. Mezani nilikaa na bibi mmoja wa Republican, mkulima mstaafu, kofia yake ya kampeni aliiacha kwenye gari kwa sababu ni marufuku kuingia nayo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulifungua, saa moja na nusu usiku tukafunga. Kila lakiri tuliisoma namba wote wawili. Kila fomu saini mbili. Kura zilipoondoka, zilipanda gari na watu wawili wa vyama tofauti. Hatukupendana kisiasa. Hakuna aliyetuomba tupendane.

Kwetu nani anakaa mezani? Kwa miaka mingi waliosimamia uchaguzi majimboni walikuwa wakurugenzi wa halmashauri, watu wanaoteuliwa na rais. Mahakama Kuu ilisema 2019 kwamba si sawa, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka huo huo. Mwaka 2020 wapinzani walilalamika mawakala wao kuzuiwa kuingia vituoni. Katiba, Ibara ya 41(7), inasema Tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Trump alipewa majaji zaidi ya 60 wa kumsikiliza na kumwambia hana hoja. Mtanzania hata mmoja hapewi.

Na si kwamba hatujui kuendesha kesi za uchaguzi. Kigoma tulikuwa walimu. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994 ulipelekwa mahakamani na Dk. Aman Walid Kabourou, mambo ya ahadi za barabara wakati wa kampeni na upendeleo wa Radio Tanzania yakajadiliwa mpaka Mahakama ya Rufani, na wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hiyo hadi leo. Ubunge unahojiwa, urais hauhojiwi.

Mwezi ule ule daftari lilipozinduliwa Kigoma, Nape Nnauye, akiwa waziri, alisikika kwenye video kutoka Bukoba akisema ushindi hautegemei sanduku tu, unategemea pia anayehesabu na anayetangaza. Akasema ni utani, akaomba radhi, akaondolewa uwaziri. Huku utani huo ungejadiliwa mwaka mzima. Kwetu watu walicheka kidogo, kwa sababu tangu 2015 alikuwa ameshatuambia kwamba chama chake, CCM, kitashinda hata kwa goli la mkono.

Oktoba 2025 daftari lilikuwa na watu zaidi ya milioni 37, wenye picha na vidole. Chadema haikuwemo, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa ndani kwa kesi ya uhaini, Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alikuwa ameenguliwa. Tarehe 29, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa, watu wakauawa barabarani, na baada ya siku chache Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa kwa asilimia 97.66. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika wenyewe wakasema haukufikia viwango. Kadi zote zilikuwa halali.

Siwasifu Wamarekani kupita kiasi. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza wapiga kura wa Trump baada ya 2020 kama uchaguzi uliendeshwa vizuri nchini, asilimia 21 wakasema ndiyo. Baada ya 2024 wakawa asilimia 93. Mashine zile zile, mabibi wale wale mezani. Na Democrat fulani wakaanza kunong'ona mitandaoni kuhusu setilaiti za Elon Musk.

Simu iliporudi nilimpata baba mdogo siku ya sita. Hakutaka kusema kama alipiga kura au la, na sikumuuliza mara mbili. Alitaka nimsimulie tena habari za kituo cha Columbus.

"Huyo bibi wa chama kingine, mlikaa naye kutwa?"

"Saa kumi na nne, baba mdogo."

"Mchana mlikula wapi?"

Nikamwambia alikuja na kuku wa kuchoma kwenye sufuria, akatugawia wote mezani.

"Na wewe ukala chakula chake? Siku ya kura?"

"Nikala."

Akanyamaza, nikasikia mfuniko wa mkebe ukigongwa mahali pake. Kisha akaniuliza kama huku mawese yanapatikana, maana kuna mtu anakuja Dar na angeweza kunipa lita mbili.