Mtoto Akiuliza "Umejuaje?"

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha wazazi katika shule moja ya msingi hapa Busia, Uganda, mzee mmoja alisimama akiwa na hasira. Mjukuu wake wa darasa la tano alikuwa amemwagikiwa chai ya moto mkononi. Nyanya yake akakimbilia kinyesi cha ng'ombe, dawa ya moto inayojulikana tangu zamani. Mtoto akarudisha mkono nyuma, akauliza: "Nyanya, umejuaje kwamba kinaponya?" Ikagundulika kwamba mwalimu wao wa sayansi alikuwa ameanza kuwafundisha kupima madai ya tiba.

"Mwalimu," mzee akasema, "mnatufundishia watoto au mnatuharibia?" Wazazi wakampigia makofi.

Mimi sikupiga. Lakini naanza na hoja yake, maana ni hoja nzito.

Methali zenyewe ziko upande wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Penye wazee haliharibiki neno. Ukiziweka methali kando, bado ana sababu. Hakuna binadamu anayeweza kuhakikisha kila kitu mwenyewe. Siku niliyozaliwa naijua kwa kuambiwa. Mto Nile nimeuvuka mara nyingi pale Jinja, lakini kwamba maji yale yanaishia bahari ya Mediterania naamini tu, kwa kuwa sijafika Misri. Sehemu kubwa ya tunachokiita elimu ni amana tuliyopokea kwa wengine, na mtoto anayekataa kila amana hatajifunza hata kuhesabu. Isitoshe, wakati wa Korona tuliwaona watu wazima waliomkabili daktari kwa "umejuaje?" wakaikataa chanjo, huku wakimeza kila sauti iliyorekodiwa na mtu wasiyemjua ikatumwa kwenye simu. Swali lile lile linaweza kuwa ngao ya ukaidi.

Halafu wazee walijua mengi. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia huko Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, magharibi mwa Uganda ya leo, mganga akimpasua mama tumbo na kumtoa mtoto. Mganga alimlewesha mama kwa pombe ya ndizi, akanawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, akasafisha na tumbo kabla ya kukata. Damu aliizuia kwa chuma cha moto, na jeraha akalifunga kwa pini za chuma na kulifunika kwa dawa ya mizizi. Mama na mtoto wakapona. Enzi hizo, huko Ulaya kwenyewe, wanawake wengi waliopasuliwa namna hiyo walikufa.

Hadithi hii nimeisikia ikitumiwa kuwanyamazisha vijana: mnaona, wazee walijua. Nami naipenda kwa sababu nyingine. Upasuaji ule haukuzuka siku moja. Felkin mwenyewe alihitimisha kwamba ulikuwa umefanywa muda mrefu. Basi lazima kuna watu waliotazama nani alipona na nani alikufa, wakaacha lililoua na kushika lililoponya. Ujuzi wa Bunyoro ulizaliwa na swali lile lile la mtoto wa darasa la tano. Tunawaheshimu wazee kwa walichokijua, kisha tunawakataza wajukuu njia iliyowafikisha huko.

Wanafalsafa wameipa elimu hii jina zito, epistemolojia: uchunguzi wa maarifa, yaani tunajuaje tunachodai kujua, na kwa haki gani. Jina linatisha, lakini jambo lenyewe limo ndani ya Kiswahili chetu. Tunatofautisha kujua, kudhani, kusadiki na kukisia. Tuna "nimeona" na tuna "nasikia". Tuna hata kaneno kadogo, "eti", kanakomwambia msikilizaji kwamba haya si yangu, nimeyapokea, yapime. Shida ni kwamba "eti" huanguka njiani. Uvumi huondoka Malaba asubuhi ukiwa na "eti" yake. Ukifika Tororo ni "inasemekana". Saa sita mchana kwenye steji ya boda hapa Busia umeshakuwa habari ya kweli, na anayeuliza imetoka wapi anajibiwa kwamba lisemwalo lipo. Tapeli wa simu anaishi kwenye mwanya huo huo: "Nimekutumia pesa kwa makosa, mama, nirudishie." Sekunde chache za kuangalia salio kabla ya kutuma ni epistemolojia tosha.

Je, jambo hili hufundishika, au mtu huzaliwa nalo? Hapa hatuna haja ya kubishana hewani, maana lilipimwa Uganda. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiwamo Allen Nsangi na Daniel Semakula, pamoja na wenzao wa Norway, walichukua shule 120 za msingi za Uganda ya kati. Shule 60 zilichaguliwa kwa bahati nasibu zipewe masomo tisa kwa muhula mmoja, pamoja na kitabu cha katuni chenye mfano huu huu wa kinyesi cha ng'ombe na jeraha la moto. Mwishoni watoto zaidi ya 10,000 walijibu maswali 24. Kati ya waliofundishwa walifaulu 69 kwa kila 100. Wasiofundishwa, 27. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la tiba la The Lancet.

Tofauti hiyo ni kubwa, lakini ninayoirudia kila siku ni nyingine. Kundi la wazazi lilipewa vipindi vya kusikiliza juu ya jambo hilo hilo. Wakafaulu 71 kwa 100, dhidi ya 38 wa wasiosikiliza. Mwaka mmoja baadaye wote wakapimwa tena. Wazazi walikuwa wameshuka hadi 47, na wenzao wasiosikiliza walikuwa kwenye 40. Watoto walikuwa wamepanda hadi 80.

Msomaji makini ataniambia kwamba watoto wasiofundishwa nao walipanda hadi 52, kwa hiyo umri unafundisha pia. Ni kweli. Lakini pengo la watoto lilibaki pointi 28, na la wazazi likabaki 7. Kwa nini? Nadhani, na neno hilo nalitumia kwa makusudi, ni kwa sababu mtoto alikuwa na darasa, mwalimu na wenzake wa kubishana nao, ilhali mzazi alisikia peke yake kisha akarudi kwenye dunia isiyomuuliza lolote. Kama nimekisia sawa, basi umri wa darasa la tano ni mlango ambao ukishapita haufunguki kirahisi tena, nasi tunautumia kukaririsha majibu ya karatasi za mitihani iliyopita.

Pingamizi moja linabaki, nami silifichi: kufaulu maswali 24 si sawa na kurudisha mkono nyuma nyanya anapokuja na kinyesi. Mtihani hupima kichwa, na mkono una mazoea yake. Tena mtoto anahitaji kufundishwa namna ya kuuliza: "Nyanya, nieleze uliwahi kuona nani akipona" ni swali lile lile, lenye adabu. Hilo mzee wa kikao alikuwa na haki ya kulidai, na mwalimu alipaswa kuanza nalo.

Mzee yule alipokaa, mama mmoja akaleta hoja ya muda: PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, inakaribia, masomo haya yataingia wapi? Nikapiga hesabu kwenye daftari langu. Masomo tisa ya dakika 80 kila moja ni saa 12. Koching, yaani masomo ya ziada, ya Jumamosi shuleni hapo ni saa nne, na wazazi wale wale walikuwa wameilipia muhula mzima. Saa 12 ni Jumamosi tatu.