Ruzuku Ipigiwe Hesabu Kabla Basi Halijaondoka

Kila nikisikia serikali imetoa ruzuku "kwa maslahi ya umma", huwa sikimbilii kuuliza ni kiasi gani. Nauliza kiasi hicho kilipigiwa hesabu lini. Kama hesabu ilipigwa baada ya kampuni kula hasara, mlipakodi ameziba pengo la mtu, basi.

Mfano ninaoupenda ni wa mabasi ya Ujerumani. Mwaka 1990 kampuni ya Altmark Trans ilipewa leseni ya kubeba abiria wilayani Stendal, na mwaka 1994 leseni ikahuishwa. Mshindani aliyenyimwa akaenda kortini na hoja fupi: kampuni hii haisimami bila fedha za umma, sasa inapewaje leseni kana kwamba iko imara? Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, iliyotoa hukumu tarehe 24 Julai 2003.

Majaji walisema fidia ya huduma ya umma haihesabiwi kuwa msaada wa serikali, ule ambao kwa kawaida sharti uidhinishwe kwanza na Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, iwapo masharti manne yametimia. Kampuni iwe imekabidhiwa wajibu ulio wazi. Vigezo vya kukokotoa fidia viwekwe mapema. Fidia isizidi gharama, ukishatoa mapato na kuacha faida ya kiasi. Na kama kampuni haikupatikana kwa zabuni, gharama zipimwe kwa kampuni ya kawaida inayoendeshwa vizuri.

Wabishi hulishupalia sharti la nne, na wana haki: hiyo kampuni ya kupimia utaitoa wapi, pale ambapo anayetoa huduma ni mmoja tu? Mimi ninaloling'ang'ania ni la pili.

Chukua basi la saa nne usiku. Ndani mna abiria watatu, mmoja muuguzi anayetoka zamu, kichwa kimeegemea dirisha. Nauli zao hazitoshi hata mafuta. Hakuna mfanyabiashara atakayelipeleka kwa hiari yake, na sitaki safari hiyo ife. Lakini kabla dereva hajawasha gari, karatasi iwe imeshasema: safari ngapi, kilomita ngapi, kila kilomita inafidiwa kiasi gani, na abiria wakiongezeka fidia inapungua vipi. Meneja akiyajua hayo tangu mwanzo, gari jipya la mkurugenzi atalilipia mwenyewe. Akijua kwamba mwisho wa mwaka atapeleka hasara yake na kufidiwa yote, abane matumizi ya nini?

Nitaambiwa mafuta hupanda bei. Sawa, kanuni ya hesabu ipande na kushuka nayo. Kinachowekwa mapema ni kanuni, tarakimu zitafuata.

Ujanja mwingine uko gereji. Kampuni hiyohiyo ina mabasi ya kukodi, na fundi anayeyatengeneza analipwa kutoka fungu la basi la usiku. Ndiyo maana sheria za Ulaya zinadai hesabu za huduma ya umma zitengwe na za biashara nyingine. Bila hilo, sharti la tatu ni maneno matupu.

Wapo wanaolalamika kwamba masharti haya yanazibana hospitali. Hapo siwaelewi. Tangu 2005, fidia kwa hospitali na nyumba za bei nafuu za wenye kipato kidogo haihitaji kupelekwa kwanza Kamisheni ya Ulaya, hata iwe kubwa namna gani, mradi masharti ya uamuzi wa Kamisheni uliotoa ruhusa hiyo yafuatwe. Fedha ndogo nazo zimelegezewa: tangu 2024 kiwango kisichohesabiwa kuwa msaada wa serikali ni euro 750,000 kwa kampuni kwa miaka mitatu, kutoka 500,000.

Hata hivyo hospitali bado inatakiwa kuwa na hati inayotaja wajibu wake na namna fidia inavyokokotolewa, na malipo yakaguliwe angalau kila baada ya miaka mitatu. Ziada isiyozidi asilimia 10 ya wastani wa fidia ya mwaka inaruhusiwa kusogezwa mbele na kukatwa kwenye malipo yajayo. Ikizidi hapo inarudishwa. Hiyo asilimia 10 ningeishusha hadi 5.