Tableti darasani: nani anajifunza na nani anabofya tu

Mada ya teknolojia kwenye elimu ya watoto ikiibuka tu mahali, watu wanagawanyika pande mbili hapo hapo. Kuna wanaoona mtoto asiye na tableti kashaachwa nyuma, na kuna wanaoona hiyo tableti ndo imeharibu watoto wote, hawasomi, hawaandiki, hawatulii. Ukifuatilia ushahidi wao unakuta kumbe wote wana tafiti za kweli kabisa, hakuna anayedanganya. Shida ni kwamba wanaongelea vitu tofauti kwa jina moja. Laptop iliyogawiwa bila mpango, apu ya kumfundisha mtoto silabi, gemu lenye hesabu mbili tatu ndani yake, mwalimu anayempigia mzazi simu, vyote hivyo tunaviita teknolojia, alafu tunataka jibu moja la ndio au hapana.

Na ahadi zenyewe sio za leo. Mwaka 1913 Thomas Edison alishatabiri kwamba vitabu vitakosa kazi mashuleni kwa sababu filamu itafundisha kila kitu. Ikaja redio, ikaja televisheni, na mwaka 1954 mwanasaikolojia B. F. Skinner akaonyesha mashine yake ya kufundishia: mtoto anajibu swali, mashine inamwambia papo hapo kapata au kakosa, na kila mmoja anakwenda kwa mwendo wake. Soma matangazo ya apu za leo utadhani Skinner ndo kayaandika. Ila tusiwe wabishi wa kila kitu, kuna ahadi zilizotimia. Sesame Street, kipindi cha televisheni cha kufundisha watoto wadogo, ilipoanza kurushwa Marekani mwaka 1969, watafiti walikuja kuona kwamba watoto waliokuwa maeneo yenye mawimbi mazuri ya televisheni walikwenda vizuri zaidi kwenye madarasa ya mwanzo kuliko wale ambao kipindi kilikuwa hakiwafikii. Kipindi kile kilitengenezwa na walimu, wasanii na watafiti wamekaa meza moja, wakakijaribisha kwa watoto kwanza kabla ya kukirusha. Hilo litunze kichwani.

Sasa tuje kwenye ule mfano ambao wapinzani wanaupenda sana, laptop moja kwa kila mtoto. Mradi ulitangazwa na Nicholas Negroponte, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, mwaka 2005, na nchi iliyochukua laptop nyingi kuliko zote ilikuwa Peru, zaidi ya laki nane. Watafiti wakafuatilia shule zaidi ya 300 za vijijini huko. Kabla ya mradi kompyuta moja ilikuwa inagombaniwa na wanafunzi kama wanane hivi, baada ya mradi kila mtoto akawa na yake. Baada ya kama miezi 15 wakapima hesabu na lugha, wakakuta hakuna tofauti na shule ambazo hazikupata. Hakuna kabisa. Watoto walijua kutumia laptop, hilo lilipanda, na kwenye vipimo vya jumla vya kufikiri kulionekana nafuu kiasi, lakini yale masomo ambayo serikali ilikuwa imeyatolea hela yalibaki pale pale.

Kwa nini? Ukiangalia vizuri hakuna muujiza, walimu hawakuandaliwa vya kutosha, na programu zilizokuwa ndani hazikufungwa na mtaala. Mwalimu akabaki na ubao wake, laptop ikawa kitu cha pembeni. Mi naona hapa wapinzani wanachukua ushindi ambao sio wao. Peru ilionyesha kwamba kugawa vifaa sio kufundisha, haikuonyesha kwamba kifaa hakiwezi kufundisha.

Maana kuna jaribio la Tanga, Tanzania, ambalo binafsi naliona la kuvutia kuliko yote na sijui kwa nini halizungumzwi zaidi na sisi wenyewe watu wa Kiswahili. Lilikuwa shindano la XPRIZE: timu kutoka nchi mbalimbali zitengeneze programu ya Kiswahili ambayo mtoto anaweza kujifunza nayo kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Tableti zikapelekwa vijiji kama 170, watoto karibu 3,000, wengi wao walisema hawajawahi kwenda shule, vikawekwa vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua, ikaachwa miezi 15. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilishuka kwa nusu. Mwaka 2019 zawadi wakagawana timu mbili, onebillion na Kitkit School.

Hiyo namba ndo inanifanya nisishangilie haraka, sababu inasomeka pande mbili. Mtoto ambaye hana shule wala mwalimu kajifunza kusoma na mashine tu, ni jambo kubwa mno, huwezi kulipuuza. Upande wa pili, miezi 15 imepita na karibu nusu ya watoto bado hawasomi hata neno moja, na ile ilikuwa programu iliyotengenezwa kwa makusudi kabisa, na timu zinazoshindania mamilioni ya dola, sio ile apu ya bure yenye matangazo kila baada ya swali. Kwa mtoto asiye na chochote kifaa ni ukombozi. Kwa mtoto mwenye mwalimu mzuri hesabu inabadilika kabisa, na watu wanachukua matokeo ya yule wa kwanza wanamuuzia huyu wa pili.

Jaribio lingine ambalo nalipa uzito ni la Delhi, India, lilichapishwa 2019, programu inaitwa Mindspark. Wanafunzi walikuwa wa darasa la sita mpaka la tisa, na wale wa darasa la sita kwenye hesabu walikuwa nyuma kwa zaidi ya madarasa mawili kwa wastani. Yaani mtoto anakaa darasani anafundishwa asilimia na aljebra wakati kutoa kwa kukopa hajakuelewa, na mwalimu hana namna, mtaala unasonga. Ile programu haikujali mtoto yuko darasa la ngapi, ilianza pale alipo. Baada ya miezi minne na nusu wakawa wamepiga hatua kwenye hesabu karibu mara mbili ya wenzao ambao hawakuingia.

Ngoja nieleze kinachofanyika, maana hapa ndo pana utamu. Mpe mtoto 52 kutoa 27, wengi watakuandikia 35. Ukiwa na haraka unaweka mkasi, kakosa, endelea. Lakini 35 haikutokea hewani: kachukua 7 akatoa 2 akapata 5, kwa sababu kichwani kwake namba ndogo ndo inatolewa kwenye kubwa siku zote, alafu 5 toa 2 ni 3. Ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu kabisa, na kanuni ni mbovu. Programu nzuri ikiona 35 inajua huyu ana kosa gani, inamrudisha kwenye makumi na mamoja, inamletea maswali ya kumfanya agongane na kosa lake mwenyewe. Mwalimu mzuri anaweza kufanya hivyo tena vizuri zaidi, ila mwalimu mwenye watoto sitini na vidaftari sitini anaifanya saa ngapi?

Alafu kuna kitu wauzaji wa programu hawakutajii wakikusomea matokeo ya Delhi: watoto walikuwa wanaitumia kwenye vituo vya masomo ya ziada, na nusu ya muda pale walikuwa na msaidizi, mtu wa kweli, kwenye vikundi vidogo. Wanafunzi walikuwa wanafika pale, kuna ratiba, kuna mtu mzima anawaona. Hawakupewa apu waende nayo nyumbani.

Sasa kaa pembeni ya mtoto wa darasa la pili mwenye apu ya kawaida ya hesabu, usiongee, angalia kidole tu. Swali linatokea, majibu manne. Anabofya la kwanza, nyekundu. La pili, nyekundu. La tatu, kijani, nyota zinamwagika, muziki unalia, anacheka. Swali lenyewe hajalisoma. Baada ya nusu saa apu inamtumia mzazi ripoti kwamba mtoto kamaliza ngazi tano, na mzazi anafurahi kwa sababu ripoti ni nzuri na nyumba ilikuwa kimya. Hapo hakuna aliyejifunza hesabu, kajifunza kwamba ukibofya sana kijani itakuja. Na hizi ndo nyingi, kwa sababu mtengenezaji analipwa kwa mtoto kuendelea kubaki kwenye skrini, na mtoto anayefikiri dakika mbili juu ya swali moja kwa mtazamo wa biashara anaonekana kama kakwama.

Hiyo biashara ina upande mwingine mbaya zaidi. Mwaka 2022 Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, walitoa uchunguzi wa bidhaa za elimu mtandaoni ambazo serikali za nchi 49 ziliruhusu au kupendekeza wakati wa korona, na karibu tisa kati ya kumi zilikuwa na tabia za kuchukua data zinazohatarisha haki za watoto. Mtu mzima angalau anabofya "nakubali" kwa uvivu wake mwenyewe, mtoto wa miaka saba kakubali nini? Hapa sina mizani ya pande mbili, samahani, ni kosa tu.

Kwenye kusoma ushahidi umenishangaza kidogo. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, kulinganisha kusoma kwenye karatasi na kwenye skrini. Karatasi ilishinda kwenye kuelewa, hasa kwa maandishi ya maarifa na hasa msomaji akiwa na muda mdogo. Kwa hadithi tupu haikuonekana tofauti. Na kinachovunja ile imani kwamba watoto wa siku hizi wamezaliwa na skrini mkononi kwa hiyo watazoea, pengo lilikuwa linaongezeka kadiri tafiti zilivyokuwa za karibuni, kutoka mwaka 2000 mpaka 2017. Sweden, nchi ambayo ilikimbilia vifaa mapema sana, mwaka 2023 serikali yake ikaanza kurudisha hela kwenye vitabu vya karatasi na ikaachana na mpango wa kulazimisha vifaa vya kidijitali kwa watoto wa chekechea. Kwa wadogo wa umri huo hata sioni mjadala mkubwa, WHO mwaka 2019 walisema chini ya miaka miwili skrini hapana, na miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Upande wa usawa nao una mshangao wake. Shule zilipofungwa 2020, UNICEF walikadiria watoto wasiopungua milioni 463 hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali ya aina yoyote, iwe intaneti, televisheni wala redio. Kwa hiyo kila tulipojisifu kwamba elimu imehamia mtandaoni, kuna waliokuwa nje ya mlango kabisa. Lakini Botswana kipindi hicho hicho watafiti walijaribu kitu cha kizamani kabisa, simu ya kawaida. Familia nyingine zilitumiwa meseji za hesabu kila wiki, nyingine zilitumiwa meseji na pia zikapigiwa simu dakika chache, mzazi na mtoto kwenye spika, wanafanya swali pamoja. Waliopigiwa simu hesabu zilipanda, wa meseji peke yake karibu hakuna kitu. Ujumbe ule ule, maswali yale yale, tofauti ni sauti ya mtu. Mi nikiwa nagawa bajeti ningeitazama Botswana mara mbili kabla ya kusaini tenda ya tableti.

Na sasa imekuja akili mnemba, na kelele zile zile za 1913 zimeanza upya. Uturuki kulifanyika jaribio na wanafunzi karibu elfu moja wa sekondari kwenye hesabu. Kundi moja walipewa roboti ya kuchati ya kawaida, unaiuliza inakujibu. Kundi la pili walipewa iliyowekewa masharti, inatoa vidokezo ambavyo walimu waliviandaa na haikupi jibu. La tatu hawakupewa. Wakati wa mazoezi wenye roboti walipaa, ile ya kawaida iliwaongezea asilimia 48 na ile ya vidokezo asilimia 127. Ukiishia hapo unaandika tangazo zuri sana. Kisha wakafanya mtihani bila msaada, na wale wa roboti ya kawaida wakapata asilimia 17 chini ya ambao hawakuwahi kuigusa. Wale wa vidokezo hawakudhurika, walilingana na wenzao, ambayo nayo sio sifa kubwa sana ukifikiria ile asilimia 127.

Kinachoniumiza kichwa zaidi kwenye jaribio hilo ni kwamba wanafunzi walioharibikiwa hawakuona kwamba wamefanya vibaya. Sasa kama mwanafunzi mwenyewe hajui, mzazi anayeangalia ripoti yenye nyota atajuaje? Njia ninayoiona rahisi ni ya kizamani: zima kifaa, mpe karatasi, maswali matano ya ile ile mada aliyoimaliza kwenye apu, kaa naye akueleze kafikaje kwenye jibu. Na kama wewe ni mwalimu mkuu kaja mtu na mradi wake wa kidijitali, usimwombe akuonyeshe jinsi mtoto anavyopata, mwambie akuwekee 52 kutoa 27, wewe jibu 35, alafu uone programu yake inafanya nini.